Jinsi ya kuchagua mothabodi ya bei nafuu kwa kompyuta unayoiunda mwenyewe

Mothabodi, ile bodi kuu inayounganisha sehemu zote, haiongezi kasi ya kompyuta. Chukua prosesa ileile, RAM ileile na SSD ileile, uziweke kwenye bodi ya bei ya chini, kisha uzihamishie kwenye bodi ya bei mara tatu: kuandika, kuvinjari intaneti, kutazama video na hata michezo mingi vitakwenda kwa kasi ileile, mradi ile ya bei ya chini iweze kuilisha prosesa umeme inaouhitaji. Unapopanda ngazi ya bei, unalipia nafasi za kuchomeka vitu, uimara wa sehemu ya umeme na mapambo. Kasi unainunua kwingine.

Hii ni habari njema kwa mwenye bajeti ndogo, ila ina masharti. Bodi ya bei ya chini inaweza kukugharimu kuliko ya kati ikiwa itakulazimisha kununua kitu kingine. Ikikosa Wi-Fi na wewe huna waya wa intaneti karibu, utanunua adapta. Ikitaka RAM ya aina ya DDR5 na wewe una ya aina ya zamani, DDR4, mkononi, utanunua RAM upya. Ikishindwa kuitambua prosesa yako mpaka BIOS, yaani programu ya ndani ya bodi inayoiwasha kompyuta, isasishwe, utamlipa fundi. Kwa hiyo bei ya kweli ya bodi ni bei yake pamoja na kila kitu inachokudai. Hesabu hiyo ndiyo tutakayoifanya hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: Andika utakachochomeka

Kabla hujafungua ukurasa wowote wa duka, chukua karatasi uandike vitu vyote vitakavyoungana na bodi: prosesa, vipande vya RAM na aina yake, diski ulizo nazo na utakazonunua, kadi ya grafiki kama ipo, skrini na aina ya tundu lake, kibodi, kipanya, printa, spika, njia ya kupata intaneti, na feni za kasha. Andika pia vile ulivyo navyo tayari, kwa sababu hapo ndipo fedha inapookolewa au kupotea. Skrini ya zamani yenye VGA peke yake, kwa mfano, bado inafanya kazi vizuri, na bodi kadhaa za bei ya chini bado zinakuja na tundu la VGA, wakati nyingi za bei ya juu zimeliacha.

Karatasi hii ndiyo itakayokulinda dhidi ya tangazo. Kila sifa utakayokutana nayo, rudi kwenye orodha uulize: je, inahudumia kitu kilichoandikwa hapa? Kama haihudumii, usiilipie.

Hatua ya 2: Prosesa kwanza, bodi baadaye

Soketi ni sehemu ya bodi ambamo prosesa inakaa, na prosesa huingia kwenye soketi yake tu. Ndiyo maana bodi huchaguliwa baada ya prosesa. Anayeanza na bodi kwa sababu imeshushwa bei hujikuta anatafuta prosesa ya kuifuata, na mara nyingi anaishia na ile aliyoikuta badala ya ile aliyoihitaji.

Kwa kompyuta ya kawaida ya nyumbani, soketi zinazostahili kuangaliwa ni chache. Upande wa AMD kuna AM4, iliyoanza mwaka 2016 na kupokea vizazi kadhaa vya prosesa zake za Ryzen hadi mfululizo wa 5000. Bodi zake ni nyingi sana, mpya na zilizotumika, na zinatumia DDR4. Kuna pia AM5 ya mwaka 2022, ambayo inatumia DDR5 tu, na AMD imeahidi kuendelea kuitolea prosesa hadi mwaka 2027 au zaidi. Upande wa Intel kuna LGA1200 ya mwaka 2020 kwa kizazi cha 10 na 11, LGA1700 ya mwaka 2021 kwa kizazi cha 12, 13 na 14, na LGA1851 iliyokuja mwaka 2024 pamoja na Core Ultra 200S.

Kama kila senti ina kazi yake, mimi ningeangalia AM4 na LGA1700 kabla ya nyingine yoyote. Zote mbili zinakubali DDR4, na zote zina prosesa za ngazi ya chini zinazotosha kabisa kwa kazi za nyumbani na ofisi ndogo. AM5 ina maana kwa mtu anayejua kwamba baada ya miaka mitatu au minne atataka kubadilisha prosesa bila kubadilisha bodi. Kama wewe si wa kubadilisha, na watu wengi hawabadilishi, usilipie leo njia ambayo hutaipita.

Tahadhari moja nzito: soketi kufanana hakutoshi. Mfano unaowaumiza wanunuzi wa vifaa vilivyotumika ni LGA1151. Prosesa za Intel za kizazi cha 6 na 7 zinatumia soketi yenye jina hilo, na za kizazi cha 8 na 9 pia zinatumia soketi yenye jina hilohilo na idadi ileile ya pini. Lakini bodi za mfululizo wa 100 na 200 ni za kizazi cha 6 na 7, na za mfululizo wa 300 ni za kizazi cha 8 na 9. Prosesa itaingia kwenye soketi bila shida na kompyuta haitawaka. AMD nao wana la kwao: Ryzen 3 3200G ni ya AM4, lakini haimo kwenye orodha ya prosesa ambazo chipseti (chipu kuu ya bodi, tutaieleza katika Hatua ya 4) ya B550 imetengenezwa kuzipokea, ingawa B450 ya mwaka 2018, iliyoitangulia, inaipokea.

Dawa ni moja. Kila mtengenezaji wa bodi ana tovuti, na kila bodi ina ukurasa wake wenye orodha ya prosesa inazozikubali. Tafuta jina kamili la prosesa yako humo. Pembeni ya jina utaona toleo la BIOS ambalo lilianza kuitambua. Namba hiyo iandike kwenye karatasi yako, tutairudia.

Hatua ya 3: Picha itatoka wapi?

Matundu ya HDMI, DisplayPort na VGA yaliyo nyuma ya bodi hayazalishi picha. Yanapitisha picha inayotengenezwa na prosesa. Prosesa isiyo na grafiki ndani yake ikiwekwa kwenye bodi yenye HDMI, tundu hilo litakuwa pambo na skrini itabaki nyeusi mpaka ununue kadi ya grafiki.

Kwa Intel, herufi F mwishoni mwa jina, kama Core i3-12100F au i5-12400F, maana yake grafiki haipo. Toleo lisilo na F linayo. Kwa AMD kwenye AM4 mambo yamegeuka: prosesa ya kawaida haina grafiki, na yenye herufi G, kama Ryzen 5 5600G, inayo. Kwenye AM5 prosesa nyingi za mfululizo wa 7000 zina grafiki ndogo ya kutosha kuonyesha picha, isipokuwa zenye F, kama Ryzen 5 7500F.

Prosesa za F huuzwa kwa bei ya chini kidogo na zinavutia macho. Kwa kompyuta ya kawaida isiyo na kadi ya grafiki, tofauti hiyo ya bei si akiba hata kidogo.

Hatua ya 4: Chipseti, yaani ngazi ya bodi

Chipseti huamua bodi itakuwa na njia ngapi za data, matundu mangapi ya USB na SATA (ya waya wa diski), na kama utaruhusiwa kuisukuma prosesa kupita kasi yake ya kawaida. Jina lake liko ndani ya jina la bodi: ukiona H610M, chipseti ni H610 na M kwa kawaida ni ukubwa wa micro-ATX, tutakaouona katika Hatua ya 8.

Ngazi ya chini kabisa ni H610 kwa LGA1700, A520 kwa AM4 na A620 kwa AM5. Ya kati ni B660 na B760, B450 na B550, na B650. Juu yake kuna Z na X, ambazo hatuzihitaji hapa. Chipseti za Z za Intel ndizo zinazoruhusu kuongeza kasi ya prosesa zenye herufi K, na mwenye i3 au i5 ya kawaida hana cha kuongeza.

Je, ngazi ya chini kabisa inatosha? Kwa wengi, ndiyo, lakini ijue mipaka yake. H610 ina nafasi mbili tu za RAM, na M.2 zake, yaani matundu bapa ya SSD, zinakwenda kwa PCIe 3.0. PCIe ni njia ya data inayotumiwa na SSD na kadi za grafiki, na namba ni kizazi chake. A520 ni PCIe 3.0 kila mahali. Kwa SSD hilo si tatizo la kukukosesha usingizi. SSD ya NVMe, yaani ile inayopitia PCIe, kwenye PCIe 3.0 inafika takriban GB 3.5 kwa sekunde, kwenye PCIe 4.0 takriban GB 7, na SSD ya SATA takriban MB 550. Ukihama kutoka diski ya kuzunguka kwenda SSD yoyote utaona mabadiliko makubwa. Ukihama kutoka PCIe 3.0 kwenda 4.0, kwa kazi za nyumbani, utapata shida kuyaona.

Penye tatizo la kweli ni kwenye kadi za grafiki za bei ya chini. Kadi kama Radeon RX 6400 na RX 6500 XT zimetengenezwa na njia 4 tu za PCIe 4.0, badala ya 16 au 8. Kwenye bodi ya A520 njia hizo nne zinashuka hadi kasi ya 3.0, yaani nusu, na katika michezo kadhaa kadi inapungua nguvu waziwazi. Mtu anayebana matumizi ndiye hasa anayeweza kununua bodi ya namna hii pamoja na kadi ya namna hii, kwa hiyo ndiye anayepaswa kulijua. Kama kadi hizo zimo kwenye mpango wako, panda hadi B550. Lakini angalia tena prosesa: Ryzen 5 5500 na 5600G zenyewe zinaishia PCIe 3.0, hivyo hata ukiziweka kwenye B550 hupati 4.0.

Kati ya A520 na B550, au H610 na B660, ushauri wangu ni huu. Kama huna mpango wa kadi ya grafiki na SSD moja inakutosha, chukua ya chini. Kama unaona uwezekano wa kuongeza SSD ya pili, RAM zaidi au kadi, na tofauti ya bei ni ndogo, ya kati itakulipa.

Hatua ya 5: RAM

DDR4 na DDR5 zote zina pini 288, lakini pengo lililokatwa chini ya kipande liko mahali tofauti na umeme wake ni tofauti, volti 1.2 kwa DDR4 na 1.1 kwa DDR5. Kimoja hakiingii kwa mwenzake, na usijaribu kukisukuma.

Hapa LGA1700 inahitaji macho mawili. Prosesa zake zinakubali aina zote mbili, lakini bodi ni ya aina moja. Utakuta bodi mbili zenye majina karibu sawa, moja ya DDR4 na nyingine ya DDR5. Nyingi za DDR4 zina alama ya D4 au DDR4 ndani ya jina, lakini usitegemee alama peke yake. Fungua ukurasa wa vipimo usome mstari wa kumbukumbu. Utakuambia idadi ya nafasi, aina ya RAM, kiwango cha juu cha ukubwa na kasi inayokubaliwa.

Nafasi mbili zinatosha ikiwa utazijaza kwa busara. Nunua vipande viwili vya GB 8, usinunue kimoja cha GB 16, kwa sababu prosesa husoma vipande viwili kwa pamoja. Kwa kompyuta inayotumia grafiki ya ndani ya prosesa, jambo hili ni kubwa kuliko watu wanavyodhani: grafiki hiyo haina kumbukumbu yake, inakopa RAM, na ukiweka kipande kimoja umeinyima karibu nusu ya njia yake. Bodi yenye nafasi nne inakupa uhuru wa kuongeza vipande viwili baadaye bila kutupa vya mwanzo. Ukiwa na nafasi nne na vipande viwili, viweke ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Kwa kawaida zimeandikwa A2 na B2 kwenye bodi yenyewe.

Hatua ya 6: Sehemu ya umeme

Kando ya soketi utaona vipande vidogo vya mraba, kijivu au vyeusi, vimepangwa kwa mstari pamoja na kapasita. Hiyo ndiyo sehemu inayogeuza volti 12 za pawasaplai kuwa volti ndogo inayotumiwa na prosesa. Ikielemewa inapata joto, na ikipata joto sana bodi huipunguza prosesa kasi ili isiungue. Hapa ndipo ile kauli ya mwanzo, kwamba bodi haiongezi kasi, ina mpaka wake: bodi dhaifu inaweza kuipunguza.

Namba ya wati iliyo kwenye boksi la prosesa haisemi yote. Core i3-12100 imeandikwa wati 60, lakini ikikazana inafika 89. Core i5-12400 imeandikwa 65 na inafika 117. Bodi yoyote ya H610 au B660 kutoka kwa mtengenezaji anayejulikana inazimudu hizi. Lakini weka Core i9-12900K, inayofika wati 241, kwenye bodi ya H610 isiyo na bamba la kupooza, na umelipia prosesa ambayo hutaitumia ipasavyo.

Kanuni ninayoitumia: prosesa ya wati 65 na chini yake, bodi tupu isiyo na bamba inakubalika. Ukifikiria kuja kuweka prosesa kubwa kwenye bodi hiyohiyo, tafuta yenye bamba la chuma juu ya vipande hivyo na yenye tundu la umeme wa prosesa la pini 8. Bodi nyingine zina bamba zuri la kutazamwa upande mmoja tu wa soketi. Tazama picha kutoka juu uone kama pande zote mbili zimefunikwa.

Hatua ya 7: Diski na matundu

M.2 ni umbo la tundu, na ndani ya umbo hilo SSD inaweza kuwa ya SATA au ya NVMe. Bodi za sasa hukubali NVMe, lakini si kila tundu la M.2 linakubali SSD ya M.2 ya SATA. Kama unayo moja kutoka kwenye kompyuta ya zamani, thibitisha kwenye vipimo. Soma pia maandishi madogo yaliyo chini ya orodha ya diski. Mara nyingi yanasema kwamba ukitumia tundu fulani la M.2, tundu fulani la SATA linazimika. Mwenye SSD moja halimhusu. Mwenye diski kuu nne za zamani linamhusu sana.

Nyuma ya bodi hesabu USB. Kibodi, kipanya, printa na adapta ya Wi-Fi tayari ni nne, na bodi za ngazi ya chini mara nyingi zina sita. USB 2.0 inatosha kwa kibodi na kipanya. Kwa diski ya nje unataka matundu mawili au zaidi ya gigabiti 5 kwa sekunde, ambayo mara nyingi yana rangi ya bluu ndani.

Kuhusu Wi-Fi, linganisha bei ya bodi yenye Wi-Fi na bei ya bodi ileile isiyo nayo ukijumlisha adapta. Mara nyingine yenye Wi-Fi inashinda. Bodi zingine hazina Wi-Fi lakini zina tundu dogo la M.2 la kuiweka baadaye, na hiyo ni njia nzuri ya katikati.

Usisahau matundu ya ndani. Kasha lako likiwa na USB-C mbele na bodi haina mahali pa kuchomeka waya wake, tundu hilo litakaa bure. Feni je? Bodi ndogo huwa na mahali pa feni ya prosesa na pengine pa moja ya kasha. Waya wa kugawanya hutatua hilo kwa gharama ndogo sana, hivyo usiikatae bodi kwa sababu hii.

Hatua ya 8: Ukubwa, kasha na pawasaplai

ATX ni milimita 305 kwa 244, micro-ATX ni 244 kwa 244, na mini-ITX ni 170 kwa 170. Micro-ATX ndiyo penye bei nafuu. Inaingia kwenye makasha ya micro-ATX na ya ATX pia, na kinachopungua ni sloti za kadi ambazo kompyuta ya nyumbani haizijazi. Mini-ITX ni ndogo lakini kwa kawaida ni ghali kuliko micro-ATX yenye chipseti ileile, kwa hiyo udogo usikudanganye.

Pawasaplai iwe na plagi ya pini 24 na plagi ya prosesa ya pini 8, ambayo mara nyingi hugawanyika 4 na 4. Plagi ya pini 8 ya kadi ya grafiki inafanana nayo kwa mbali lakini nyaya zake zimepangwa kinyume. Ikikataa kuingia, iache, tafuta ile iliyoandikwa CPU.

Kipoozaji nacho kiangalie. Kile cha LGA1200 hakilingani na matundu ya LGA1700 bila vifungio vya ziada. Vya LGA1700 vinakaa kwenye LGA1851.

Hatua ya 9: Ile namba ya BIOS

Rudi kwenye karatasi. Bodi ya B450 iliyokaa ghalani tangu 2019 haitaitambua Ryzen 5 5600 ya 2022 mpaka isasishwe, na huwezi kuisasisha kwa njia ya kawaida bila prosesa inayotambulika. Vivyo hivyo kwa bodi ya H610 ya mwanzo na prosesa ya kizazi cha 13 au 14.

Una njia tatu. Ya kwanza ni kumuuliza muuzaji, akuthibitishie kwa maandishi kwamba BIOS imeshasasishwa. Ya pili ni kununua bodi yenye kitufe cha kusasisha BIOS kwa USB bila prosesa. Unaweka faili kwenye flashi, unachomeka kwenye tundu lenye alama, unabonyeza kitufe na kusubiri taa iache kumweka. Ya tatu ni kuazima prosesa ya zamani. Kwa anayeunda kompyuta kwa mara ya kwanza, kitufe hicho ni miongoni mwa sifa chache ambazo ningekubali kuongeza fedha kidogo kuzipata.

Ukinunua iliyotumika

Bodi zilizotumika zinaweza kupunguza gharama sana, na hakuna ubaya. Lakini zikague kwa mikono na macho.

Kwa soketi za LGA, pini ziko kwenye bodi. Washa tochi ya simu, iinamishe kwa pembe, na uangalie soketi kutoka upande mmoja, kisha mwingine. Pini zote zinapaswa kung'aa kwa mpangilio mmoja. Inayong'aa tofauti na wenzake imepinda. Kwa AM4 pini ziko kwenye prosesa, hivyo bodi huwa salama zaidi, ila hakikisha vifungio vya plastiki vya kipoozaji na bamba la chini ya bodi vipo. Kagua kapasita: kichwa chake kiwe bapa. Kilichovimba au kuvuja ni dalili ya mwisho. Angalia pia kama kuna kutu, alama za maji, na michubuko karibu na matundu ya skrubu.

Kisha omba iwashwe mbele yako. RAM ijaribiwe kwenye kila nafasi, si moja tu. Ingia kwenye BIOS uhakikishe haina nenosiri. Kama saa inarudi nyuma kila umeme ukikatwa, betri ya CR2032 imekwisha, na hilo si kosa la kuikataa bodi.

Mbili za kuziogopa. Ya kwanza ni bodi zilizotolewa kwenye kompyuta za ofisi zenye chapa. Baadhi yake zina plagi ya umeme isiyo ya kawaida na matundu ya skrubu yasiyolingana na makasha ya kawaida, na fedha uliyookoa itaishia kwenye adapta. Ya pili ni bodi za X99 za watengenezaji wasiojulikana, zinazouzwa pamoja na Xeon E5 za zamani. Prosesa hizo zina nyuzi nyingi (njia za kufanya kazi kadhaa kwa pamoja) kwa bei ndogo, lakini hazina grafiki ndani, zinakula umeme, na BIOS ya bodi hizo mara nyingi haipati sasisho.

Kama utatumia Windows 11, kumbuka kwamba orodha rasmi ya Microsoft inaanzia Intel kizazi cha 8 na Ryzen za mfululizo wa 2000, pamoja na TPM 2.0, ambayo ni sehemu ya usalama ya kompyuta. Windows 10 iliacha kupata sasisho za kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Anayetumia Linux ana uhuru mkubwa zaidi wa kwenda nyuma.

Bodi ikifika

Ijaribu kabla ya kuiingiza kwenye kasha. Iweke juu ya boksi lake la karatasi, si juu ya mfuko wake wa kung'aa, kwa sababu upande wa nje wa mfuko huo unaweza kupitisha umeme. Weka prosesa, kipoozaji, kipande kimoja cha RAM na skrini. Gusisha pini mbili zilizoandikwa PWR SW kwa ncha ya bisibisi kwa sekunde moja. Bodi nyingi zina taa ndogo nne zilizoandikwa CPU, DRAM, VGA na BOOT. Inayobaki inawaka inakuonyesha ilipokwama. Kwa DDR5 skrini inaweza kubaki nyeusi kwa dakika kadhaa mara ya kwanza wakati bodi inaizoea RAM. Usizime.

Ikiwaka, ingia kwenye BIOS na uwashe XMP au EXPO, mipangilio ya kasi iliyohifadhiwa ndani ya RAM, ili RAM iende kwa kasi uliyoilipia, vinginevyo itabaki kwenye kasi ya msingi. Unapoihamishia kwenye kasha, hesabu nguzo za skrubu: kila nguzo iwe chini ya tundu la bodi. Nguzo iliyozidi inagusa njia za umeme kwa nyuma na kuzua mkwamo ambao utautafuta siku nzima.

Baada ya hapo jaribu kila tundu, moja baada ya jingine, kwa flashi na kwa vipokea sauti, wakati muda wa kurudisha bado upo. Hifadhi boksi, risiti, na kile kifuniko cha plastiki kilichokuwa juu ya soketi ya LGA. Bodi ikipelekwa kwenye waranti bila kifuniko hicho na pini zikipinda njiani, mzigo utakuwa wako.